Koki Aliyoifunga Mama Chumvi

Kazini walimwita Mama Chumvi, naye aliitikia jina hilo kidevu juu, kama mtu anayeitwa kwa cheo. Alilipata katika chumba cha rangi cha kiwanda cha nguo. Sehemu kubwa ya ujana wake ilikwenda humo kwa kazi moja: kubeba magunia ya chumvi begani, kuyapasua, na kuimimina chumvi ndani ya mapipa makubwa ya rangi yaliyokuwa yakifuka mvuke. Pamba ni mchoyo wa kupokea rangi. Bila chumvi, rangi huogelea tu majini na kitambaa hutoka kimepauka kana kwamba kimefuliwa na mvivu. Kwa hiyo kitambaa chochote kilichotoka pale kikiwa na rangi ya kutazamika kilikuwa kimepita kwanza mikononi mwake.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kupasua kelele za mashine. Ubishi alizaliwa nao. Mama yake mzazi alikuwa akisema mtoto huyu hata kulia alilia kwa kupinga. Mumewe alikuwa mchomeleaji, mwenye kibanda cha mageti na madirisha mtaa wa nyuma ya kiwanda. Watu walipomuuliza amewezaje kuishi naye miaka yote hiyo, alijibu, "Mimi nimezoea vitu vigumu. Hutumii nguvu. Unapasha moto taratibu mpaka kikubali chenyewe."

Mtu mmoja tu alimshinda Mama Chumvi, naye ni wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa na bustani ya mboga ukingoni mwa kijito kilichopita nyuma ya kiwanda. Maji ya chumba cha rangi, yakishamaliza kazi, yalimwagwa humo humo. Kijito kikavaa nguo ya siku: leo zambarau, kesho kijani. Watoto wa mtaani walijua kiwanda kimepata oda gani kwa kuchungulia darajani. Rangi iliudhi macho, lakini muuaji hasa alikuwa chumvi, ambayo haikuonekana. Jua likiwaka, udongo wa bustani ulitoa ukoko mweupe. Majani ya mchicha yakaungua pembeni kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, nyanya zikadumaa.

Siku moja wifi alikuja mpaka mlangoni kwa Mama Chumvi. Hakuingia, hakukaa. Alifumbua kiganja, ndani yake donge la udongo lenye ukoko.

"Lamba," akasema.

"Wifi, karibu ndani kwanza."

"Nimesema lamba. Ni chumvi yako hiyo. Wewe unaimwaga kule, mimi naivuna huku."

Mama Chumvi akalamba. Akatema. Kwa mara ya kwanza maishani alitafuta neno la kurudisha akalikosa. Wifi akageuka akaenda zake, na tangu hapo wakikutana msibani au harusini, wifi alisalimia ukuta.

Haukupita muda mrefu serikali ikakibana kiwanda: kisafishe maji yake au kifunge milango. Ikaletwa mashine ya kuyasafisha yatumike tena, ikajengewa banda mwisho wa yadi. Kulikuwa na matangi, pampu, na safu za mirija minene myeupe iliyolazwa kwenye rafu za chuma. Pamoja nayo alikuja injinia, mwanamke kijana mwembamba, mpole wa sauti, ambaye hakupenda kurudia maneno lakini alirudia akiombwa. Aliingia chumba cha rangi akauliza nani angependa kuhamia kule bandani. Watu wakatazama viatu vyao. Banda lilinuka, na lilikuwa mbali na utani wa wenzao.

Mama Chumvi akanyanyua mkono.

"Makubwa haya!" akasema Fundi Rangi, mkuu wa chumba kile, mzee mwenye kucha za buluu ambazo hazijawahi kung'aa hata sikukuu. "Mama Chumvi, maji yakimwagika hayazoleki. Wewe unakwenda kuyazoa?"

"Nitayazoa, Fundi. Na wewe utayatumia."

"Mimi? Nitie rangi kwa maji yaliyokwisha kutia rangi? Huko si ni sawa na kuoga maji aliyooga mwenzio! Labda niwe nimekufa."

"Basi tutakuoshea hayo hayo," akamjibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Bandani, injinia alimpasulia mrija mmoja uliokwisha kuharibika, akamwonyesha ndani. Kulikuwa na utando mwembamba, umeviringishwa tabaka juu ya tabaka kama kitambaa kwenye jora.

"Utando huu una matundu, ila hayaonekani kwa jicho," injinia alisema. "Pampu inayasukuma maji kwa nguvu yapite. Utando wa kwanza unaizuia rangi lakini chumvi unaiachia. Kwa hiyo maji yanatoka maangavu, chumvi yake imo bado. Hayo tunayarudisha chumba cha rangi."

"Wakaitumie tena chumvi ile ile."

"Ile ile. Utando wa pili umekaza zaidi. Huo tunaupelekea maji ya kusuuzia, na unaizuia hata chumvi. Yanayotoka hapo ni laini kuliko ya kisima."

"Na yanayobaki nyuma?"

"Tope la rangi na maji makali ya chumvi. Yanakwenda kwenye bwawa lile lililotandikwa plastiki, jua liyakaushe."

"Kwa hiyo kijitoni haiendi kitu."

"Haiendi kitu, mambo yakienda sawa."

"Yatakwenda sawa," akasema Mama Chumvi, kwa sauti ya kumtisha mtu ambaye hakuwepo pale.

Mambo hayakuanza sawa. Kitambaa cha kwanza kutiwa rangi kwa maji yaliyorudishwa kilitoka na mabaka, chekundu hapa, chekundu zaidi pale, kama ng'ombe wa madoa. Fundi Rangi alikibeba begani mpaka bandani, akakitupa sakafuni mbele ya watu wote.

"Mtoto wenu huyo," akasema. "Mleeni."

Injinia hakujitetea. Alichukua kipimo chake, akaenda chumba cha rangi, akapima pipa moja baada ya jingine. Akarudi akicheka kidogo. Vijana wa chumvi walikuwa wakimimina magunia kama walivyozoea, juu ya maji ambayo tayari yalikuwa na chumvi. Chumvi ikazidi, rangi ikalikimbilia jora kwa pupa na kushika ovyo. Wakapunguza magunia. Kitambaa kilichofuata kilitoka sawasawa, chekundu cha kupendeza mpaka Fundi Rangi akakinyoosha dirishani, akakigeuza, akakinusa, akakosa la kulaumu. "Kimebahatisha," akasema.

Mama Chumvi alimkata jicho. "Bahati hiyo tutakuletea kila siku, Fundi. Jiandae."

Na ikawa hivyo. Kijito kikasahau zambarau. Mama Chumvi akajifunza kuisikiliza pampu kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto mgonjwa, kusoma presha, kuziosha tando zikianza kuchoka. Jambo moja tu lilimkera. Pembeni ya tangi la kwanza palikuwa na bomba lenye koki kubwa ya duara, lililokwenda moja kwa moja kijitoni bila kupita kwenye mashine. Liliwekwa kwa ajili ya dharura, alisema meneja. Lakini kiwanda kile kilikuwa na dharura nyingi kuliko hospitali. Alikuwa akitoka kula mchana, akirudi anakuta tangi limepungua ghafla na chini ya daraja maji yamebadilika rangi.

"Nani kafungua hii?" alikuwa akiuliza. Hakuna aliyejua. Koki ilijifungua yenyewe, eti.

Siku wakaguzi wa serikali walipokuja, meneja aliwazungusha banda zima akiwa amevaa tai. Alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye tabasamu linalowahi kufika kuliko yeye mwenyewe. Mkaguzi mmoja akaigusa ile koki. "Na hii?"

"Hiyo imefungwa," akasema meneja, mkono kifuani. "Imefungwa moja kwa moja. Mkija hata baada ya miaka kumi mtaikuta imefungwa. Mama, si ndivyo?"

Wote wakamgeukia Mama Chumvi.

"Ndivyo ulivyosema, bosi," akajibu. "Na mimi nimesikia."

Wiki hiyo mumewe alikuwa na kazi pale kiwandani, anachomelea reli za mikokoteni chumba cha rangi. Mama Chumvi alimfuata mchana kweupe, mbele za watu.

"Baba nanii, ukimaliza huko kuna kazi ndogo bandani kwangu."

"Kaagiza nani?"

"Meneja. Kaagiza mbele ya wakaguzi. Kasema koki ifungwe moja kwa moja."

Mume akamtazama mkewe. Aliujua uso ule. Akashusha kioo chake usoni, na cheche zikaruka mpaka ukutani. Alipomaliza, koki na bomba vilikuwa kitu kimoja, na mshono wa chuma umevizunguka kama kovu.

"Moja kwa moja," akasema mume.

"Moja kwa moja," akasema mke.

Meneja hakugundua mpaka siku ya shida. Ikaja oda kubwa ya kitambaa cha buluu, na mashine za rangi zikaendeshwa bila kupumzika. Tatizo ni kwamba kabla ya tando kulikuwa na vichujio vidogo vya kukamata nyuzi za pamba, na vichujio hivyo vilikuwa vimezeeka. Injinia alikuwa ameomba vipya mara nyingi hadi meneja akawa anajibu kabla hajaulizwa: "Wiki ijayo." Nyuzi zikapenya, zikazikaba tando. Presha ikapanda, maji yakawa yanatoka kwa kudondoka, huku tangi la kwanza likijaa hadi ukingoni. Injinia akazima pampu. "Tusipoziosha sasa, zinakufa," akasema. "Na kuziosha ni kazi ya siku nzima. Chumba cha rangi kisimame."

Meneja alifika mbio, tai imekwenda upande.

"Hakisimami kitu! Fungua koki ya pembeni, maji yaende."

"Haifunguki, bosi," akasema Mama Chumvi.

Meneja aliishika koki kwa mikono miwili, akajikaza kuizungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akauona ule mshono.

"Nani kafanya hivi?"

"Wewe. Ulisema imefungwa moja kwa moja. Ulitaka nikufanye mwongo mbele ya wageni?"

"Mama, unanichezea?"

"Sichezi. Ningecheza ningeifunga kwa kamba."

Wafanyakazi wa chumba cha rangi walikwisha kuanza kukusanyika, wengine kwa hasira, maana kazi ikisimama kila mtu huumia. Meneja akapaza sauti wamsikie. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Guu ni langu," akasema Mama Chumvi. Akaliendea lile bomba, akalikalia, akatandaza gauni lake juu ya koki, kama mtu anayejipumzisha kwenye benchi la stesheni na safari yake bado.

Meneja akaagiza aitwe mchomeleaji wa karibu, aje na msumeno wa umeme akate ule mshono. Wa karibu alikuwa mmoja tu, na kila mtu alijua ni mume wa nani, isipokuwa meneja na mlinzi mpya aliyetumwa. Akaja naye, sanduku la vyombo mkononi. Mchomeleaji aliingia bandani, akamsalimia kila mtu, akaitazama koki, akamtazama aliyeikalia. Mama Chumvi alimkodolea macho mumewe. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwomba mbele ya watu amchague yeye, na hata sasa hakuomba.

"Bosi," akasema mume, "mimi nakata chuma. Hapo naona juu ya chuma kuna mke wa mtu. Nikimgusa, mume wake atanifanya nini?"

Kicheko kikapasuka, hata kwa wale waliokuja na hasira. Meneja hakucheka. Akamgeukia Fundi Rangi, kwa sababu alijua wawili hawa hawapikiki chungu kimoja. "Fundi, waambie watu wako wamtoe huyu mama. Tutatumia maji ya kisima mpaka oda iishe."

Fundi Rangi alikuna kidevu kwa ile kucha ya buluu. Alimtazama Mama Chumvi kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Haiwezekani," akasema.

"Haiwezekani nini?"

"Nusu ya oda nimeitia rangi kwa maji ya huyu mkorofi. Ni laini, na rangi inakaa kivyake humo. Nikihamia kisimani katikati ya safari, nitakuletea buluu mbili, na mteja atakurudishia zote mbili. Mimi sijawahi kutoa buluu mbili, na sianzi leo kwa sababu ya vichujio ulivyokataa kununua." Akawageukia watu wake. "Zimeni mashine."

Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, na kiwanda kikawa kimya hata ndege wakasikika juu ya paa la bati. Meneja akageuka, akatoka bandani.

Siku ile ilikwenda kwa kuosha. Injinia alichanganya maji ya moto na soda kali ya kusafishia, wakayazungusha kwenye mirija, yakatoka meusi kama wino. Wakasuuza, wakapitisha tindikali hafifu, wakasuuza tena. Kuhusu vichujio, injinia aliwaza kidogo kisha akaenda idara ya ushonaji, akaomba kitambaa kizito kilichofumwa kwa kukaza. Mafundi cherehani wakashona mifuko ya haraka haraka, na maji yakaanza kuchujwa kwa nguo ya kiwanda chenyewe. Fundi Rangi aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akidai amekuja tu kuona watakavyoshindwa. Lakini pampu ilipowashwa na maji maangavu yakabubujika kwenye kioo cha kupimia, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza.

Oda ilichelewa, ila ilitoka buluu moja.

Asubuhi baada ya siku ile ya kuosha, Mama Chumvi alisimamishwa kazi, kwa ukaidi na kuharibu mali ya kiwanda. Alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akamkabidhi mlinzi. "Lifuliwe," akasema. "Nitalihitaji."

Nyumbani hakulia. Alisugua masufuria ambayo hayakuwa machafu. Mumewe akaingia, akamwona, akaenda zake kibandani. Alijua siku ya kupasha moto na siku ya kuacha kipoe.

Mgeni aliyebisha hodi alikuwa wifi. Safari hii aliingia, akakaa, akatazama huku na huko kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

"Nimesikia umekalia bomba," akasema.

"Nimelikalia."

"Mbele ya watu wote, na umri huo."

"Wifi, kama umekuja kunicheka, cheka uende. Nina kazi."

"Kazi gani? Si umefukuzwa?"

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka haijulikani ni yupi, lakini walicheka mpaka wifi akajishika mbavu. Kisha wifi akakaza uso tena. "Usidhani nimekusamehe. Udongo bado unaumwa. Nimelima tuta moja la juu, mvua ikiusuuza huenda ukapona, huenda usipone. Na mbegu zangu mbili tatu zimekufa kwa sababu ya chumvi yenu."

"Sikukuomba unisamehe."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja." Akajisogeza mkekani. "Hebu nieleze hiyo mashine. Watu mtaani wanasema inachuja hata chumvi. Ni kweli au mnatudanganya?"

Mama Chumvi akamweleza yote, utando wa kwanza na wa pili, mpaka jua likahama dirishani.

Wakaguzi walirudi kabla ya kutarajiwa. Meneja, ambaye hakuwahi kupitwa na nafasi ya kujisifu, aliwaongoza moja kwa moja kwenye ile koki, akaugonga ule mshono kwa kidole.

"Mnaona? Kufunga tu hakukututosha. Tumeichomelea kabisa! Ni uamuzi wa uongozi."

Wakaguzi wakapendezwa, wakasema wangependa viwanda vingine vije kuona. Ndipo injinia, kwa ile sauti yake ya upole, akasema, "Aliyeutekeleza uamuzi huo wa uongozi amesimamishwa kazi."

Mkaguzi mkubwa akamtazama meneja. "Kwa kosa gani?"

Meneja akakohoa. Akasema ni likizo. Likizo fupi. Anarudi kesho.

Na kesho yake kweli Mama Chumvi alipita getini. Meneja alimsubiri mlango wa banda, lile tabasamu lake likiwa limetangulia. "Mama, tusiwekeane kinyongo. Wewe omba radhi tu, hapa hapa, sisi wawili, yaishe."

"Niombe radhi kwa kutii?"

"Kwa namna ulivyofanya."

"Namna hiyo hiyo ndiyo unayowasifia wageni, bosi. Chagua moja. Ama ni kosa langu, nikawaambie wakaguzi. Ama ni uamuzi wako, na mimi nifanye kazi."

Meneja alitazama juu, akatazama chini, akampisha njia.

Bandani, injinia alikuwa anamngoja ili wawashe. Mama Chumvi akavaa koti lake, limefuliwa. Akaifunua ile mifuko ya nguo, sasa imechakaa na kujaa nyuzi, akaitoa mmoja mmoja, akaitupa kwenye ndoo.

"Vichujio vipya viko wapi?"

"Viko stoo," akasema injinia. "Meneja anasema tutavifunga wiki ijayo."

Mama Chumvi akaiendea swichi ya pampu, akasimama mbele yake, mikono kiunoni. Chumba cha rangi walikwisha kupiga kengele ya kuomba maji, na Fundi Rangi alikwisha kutoka nje akipiga kelele kuuliza ni nani tena anayemcheleweshea kazi.

"Mwambie ni mimi," akasema Mama Chumvi. "Na mwambie mtu wa stoo alete vichujio. Maji hayapiti hapa bila vichujio."

Kengele ikalia tena. Hakusogea.